Mshipi wa ndoana mbili: ufunge Nairobi kabla ya kupanda treni

Kila Disemba na kila likizo ya Pasaka, watu wa Nairobi hushuka Pwani na fimbo mpya ya kuvulia, rili ya kukunjia uzi inayong'aa na pakiti ya ndoana isiyofunguliwa. Wakifika ufukweni ndipo wanaanza kufunga mafundo. Upepo unavuma, mchanga umejaa vidoleni, jua liko utosini, na maji yanajaa bila kumngoja mtu. Muda mzuri wa kuvua unaishia hapo. Mshipi ufungwe nyumbani, mezani, chini ya taa nzuri, na ujaribiwe kabla ya safari. Mimi ni fundi umeme, nakaa South B, na kwetu ni Takaungu, huko Pwani. Mishipi ninayovulia kule nyumbani naifunga hapa hapa Nairobi, jioni nikishatoka kazini.

Nitaeleza mshipi mmoja tu, wa ndoana mbili, unaofaa kwenye jeti, yaani gati la mashua, kwenye mawe, na kwenye mchanga ulio kati ya miamba. Uzi mnene unasimama wima majini: huo ni shina. Juu una swiveli, kile kipande cha chuma chenye pete mbili zinazozunguka ili uzi usijisokote. Chini kuna chubwi la kuuzamisha. Katikati yanatoka matawi mawili mafupi, kila moja na ndoana yake. Hakuna zaidi ya hapo.

Lakini mpangilio wa unene wa nyuzi ndio wenye kazi, na wengi hawaambiwi. Pwani yetu ina matumbawe na mawe karibu kila mahali, na chubwi hunasa. Likinasa utavuta, na kitu fulani kitakatika. Usipochagua mwenyewe kitakachokatika, bahari itakuchagulia, nayo kwa kawaida hukata juu kabisa, karibu na mkono wako. Hapo umepoteza ndoana, chubwi, swiveli na mita thelathini za nailoni zinazobaki zimejiviringisha kwenye matumbawe. Nailoni haiozi kwa miaka mingi. Kasa anaingia humo, kaa anaingia humo, na samaki aliye kwenye ndoana iliyoachwa anafia pale bila kumfaa mtu. Nimekulia kwenye bahari ile na jambo hili linaniuma, kwa hiyo naomba usilipuuze.

Basi nyuzi ziwe za ngazi nne. Kuanzia dhaifu kwenda imara: uzi wa chubwi milimita 0.25, uzi wa matawi 0.35, mshipi mkuu ulio kwenye rili (au, kwa asiye na fimbo, uliozungushiwa kwenye chupa) 0.45, na shina 0.60. Chubwi likinasa, kinakatika kile kiuzi cha 0.25 na mengine yote yanarudi. Ndoana ikinasa, linakatika tawi moja. Ule uzi wa chubwi nauita uzi wa kafara, maana ndio tunaoutoa ili vingine vipone. Na usiogope kwamba utakupotezea samaki. Samaki yuko kwenye tawi, juu ya chubwi. Anapovuta, nguvu yake inapita kwenye tawi, shina na mshipi mkuu. Uzi wa kafara haubebi kitu ila chubwi lenyewe.

Sasa vifaa. Nailoni utaipata kwenye maduka ya vifaa vya uvuvi, na wanaotunga shanga pia hutumia nailoni za aina hiyo, kwa hiyo hata anayeuza shanga anaweza kukuelekeza. Soma karatasi ya kigurudumu: imeandikwa unene kwa milimita na uzito inaobeba kwa kilo. Usichukue kigurudumu kilichoanikwa dirishani miezi na miezi, kwani jua huila nailoni, nayo hukatika kwa mguso mdogo. Na usikubali kuuziwa ile kamba iliyosokotwa ya mafundi wa mawe, ya kunyooshea ukuta. Inaitwa nailoni pia, lakini inanywa maji, inajisokota, na samaki anaiona akiwa mbali.

Ndoana zina hesabu inayowachanganya wageni. Namba za kawaida zinapopanda, ndoana inakuwa ndogo: namba 8 ni ndogo kuliko namba 4, na namba 4 ni ndogo kuliko namba 1. Ukifika zile zinazoandikwa 1/0, 2/0, 3/0, hesabu inageuka na ndoana inazidi kuwa kubwa. Kwa chaa na mkundaji wa kwenye mchanga chukua namba 4. Kwa changu wa kiasi na kolekole wadogo, namba 1 au 1/0. Nunua zile za chuma cha kawaida, si za chuma kisichoshika kutu. Samaki akikukatikia na ndoana mdomoni, ya kawaida huliwa na kutu ikatoka.

Chubwi ndilo Nairobi inalotoa bure. Nenda kwa fundi yeyote wa magari, au zile karakana za upande wa Kirinyaga Road, umwombe plagi kuukuu, zile za kuwashia injini. Wanazitupa kwa debe. Plagi moja ina uzito wa gramu arobaini na kitu. Ukifunga mbili pamoja zinatosha kwa maji yenye mkondo kiasi. Ule ulimi mdogo wa chuma ulio kwenye ncha ya plagi ukandamize kwa koleo hadi uguse katikati, ufanye pete ya kufungia uzi. Isugue kwanza kwa sabuni ya unga ili mafuta yatoke. Nati nzito za chuma nazo zinafaa. Risasi, yale madini, ni nzuri kwa uvuvi kwa sababu ni nzito na ndogo, lakini ukiitaka nunua iliyokwisha kutengenezwa. Usiyeyushe risasi jikoni, hata dirisha likiwa wazi. Moshi na vumbi lake ni sumu, na wanaoumia zaidi ni watoto.

Kaa mezani. Uwe na mkasi, rula, penseli na bakuli la maji.

Kata sentimita 160 za uzi wa 0.60. Utamaliza na shina la kama mita moja na sentimita kumi, kwa sababu mafundo yanakula uzi.

Anza na vitanzi vya matawi. Pima sentimita 45 kutoka ncha ya chini. Hapo fanya duara la ukubwa wa mdomo wa kikombe cha chai, uzi ukipita juu ya uzi. Pale zinapopishana, chukua upande mmoja uuzungushe kwenye wa pili, mara sita. Katikati ya mizunguko, yaani baada ya ule wa tatu, panua nafasi ndogo uchomeke penseli isijifunge. Sasa shika ile sehemu ya duara iliyo mkabala na mizunguko, ilete ipite kwenye nafasi ya penseli, na uchomoe penseli. Kile kilichopita ndicho kitanzi chako. Kishike kwa meno, kiwe na urefu wa sentimita tatu au nne.

Usivute bado. Chovya fundo kwenye bakuli au lilambe. Nailoni ikivutwa kavu inajisugua, inapata moto, na inaungua palepale bila wewe kuona moshi. Ikishalowa, vuta ncha mbili za shina, moja kulia na moja kushoto, polepole sana, macho yakiwa kwenye fundo. Utaona mizunguko inakaribiana, inapangana ubavu kwa ubavu, mitatu upande huu wa kitanzi na mitatu upande ule, na kitanzi kinasimama kutoka kwenye shina kwa pembe mraba. Fundo likikaa hivyo, halina wasiwasi. Ukiona mzunguko mmoja umepanda juu ya mwenzake, au uzi umegeuka mweupe mahali, kata uanze upya. Ule weupe ni jeraha, na uzi utakatika hapo hapo siku samaki mkubwa atakapokuja.

Kitanzi cha pili kiwe sentimita 50 juu ya cha kwanza, vipimo vichukuliwe baada ya fundo la kwanza kukazwa. Nina sababu ya hiyo 50. Kila tawi litakuwa na sentimita 20. Tawi la juu likilala chini na la chini likisimama juu, jumla ni 40, na hata ukiongeza sentimita tatu au nne za kila kitanzi hufiki 50, kwa hiyo ndoana hazifikiani. Watu wengi hupenda matawi marefu wakidhani chambo kitacheza vizuri zaidi. Kinachotokea ni kwamba ndoana mbili zinakumbatiana mara ya kwanza mshipi unaporushwa, na unakaa nusu saa unangoja samaki juu ya donge la uzi.

Ncha ya juu funga swiveli, ukiacha sentimita 30 kutoka kitanzi cha juu. Fundo lake ni hili, na ndilo la ndoana pia. Pitisha uzi kwenye pete, uurudishe kama sentimita 12. Zungusha ile ncha kwenye uzi wake mara tano. Karibu na pete pamebaki kitundu kidogo: pitisha ncha humo. Kwa kupita humo umezaa kitundu kingine kikubwa: irudishe ncha ipite hapo pia. Lowesha, vuta uzi mrefu taratibu hadi mizunguko ishuke na kukaza kwenye pete. Kata mkia, uache milimita tatu. Wanaokata mkia hadi kwenye fundo hulitafuta fundo lililofunguka baadaye.

Ncha ya chini fanya kitanzi kidogo cha fundo la nane: kunja uzi uwe mara mbili, fanya duara, zungusha kichwa nyuma ya uzi, kisha kiingize kwenye duara kwa mbele. Kikubwa ni kwamba kitanzi hiki kisibaki mbali na kitanzi cha kwanza cha tawi zaidi ya sentimita 30 wala karibu zaidi ya 25, ili ndoana ya chini isiguse chubwi.

Matawi ni kazi rahisi. Kata sentimita 40 za uzi wa 0.35, funga ndoana upande mmoja kwa lile fundo la swiveli, upande wa pili fanya kitanzi cha fundo la nane, urefu wote ubaki 20. Kuliunganisha tawi na shina: ingiza kitanzi cha shina ndani ya kitanzi cha tawi, kisha pitisha ndoana ndani ya kitanzi cha shina, vuta. Vitanzi viwili vinashikana. Tawi likiliwa na samaki wa meno, unaliondoa na kuweka jingine bila kugusa shina. Kikande ana meno ya kukata nailoni safi kabisa, na bunju vilevile. Kwa hiyo tengeneza matawi ya akiba mengi, kuliko mashina.

Mwisho, uzi wa kafara: kata sentimita 35 za 0.25, mwisho mmoja kwenye kitanzi cha chini cha shina, mwisho mwingine kwenye plagi. Ukimaliza ubaki na urefu wa kiganja.

Sasa jaribio, ambalo ndilo sababu kubwa ya kufunga nyumbani. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, na kila nyumba Nairobi ina mtungi wa lita tano. Loweka mshipi wote kwenye bakuli kwa saa moja, kwa sababu nailoni iliyolowa ni dhaifu kidogo kuliko kavu, na baharini utakuwa umelowa. Tundika swiveli kwenye msumari imara. Funga mtungi mtupu mahali pa chubwi, ukining'inia sentimita chache tu juu ya beseni, uanze kuujaza kwa kikombe. Uzi wa kafara ukatike mahali fulani kati ya kilo tatu na tano. Ukibeba mtungi uliojaa na bado umetulia, ni mnene mno. Tafuta mwembamba zaidi. Ukikatika kwenye kilo moja, fundo ni baya. Angalia ulipokatikia: ukikatika katikati ya uzi, mafundo yako ni mazuri, ukikatikia kwenye fundo kabla ya wakati, rudia fundo.

Kisha funga mtungi uliojaa kwenye ndoana ya tawi, kwa uangalifu, na uso wako uwe mbali. Tawi libebe kilo tano bila fundo kuteleza hata kidogo. Kijana mmoja wa kazini alinitazama nikifanya hivi akauliza, "Mzee, si samaki mwenyewe ni wa nusu kilo?" Nikamwambia samaki wa nusu kilo haning'inii kimya kama mtungi. Anapiga kichwa, anakimbilia jiweni, na wimbi linamsukuma.

Kwa kuhifadhi, tumia slipa kuukuu. Kata soli yake kipande cha upana wa vidole vinne, chonga mfereji mdogo kila ncha, uzungushie mshipi humo, na ndoana zichomwe kwenye sponji hadi ncha zifichike. Mshipi mmoja kwa kipande kimoja; ukiweka miwili utajuta. Andika kwa kalamu ukubwa wa ndoana. Kisha vyote viingie kwenye kopo lenye mfuniko. Pale stesheni ya Syokimau mizigo inakaguliwa, na kopo lililopangwa vizuri linaeleza lenyewe ni la nini. Kisu acha nyumbani. Utaazima au kununua huko huko.

Chambo nacho usibebe. Nunua kamba wa baharini au ngisi asubuhi kwa wavuvi wenyewe. Napendelea ngisi, kwa sababu nyama yake ni ngumu na haichomoki kirahisi unaporusha. Kata kipande chembamba cha upana wa kidole kidogo na urefu wa sentimita tano, kichome ndoana mara mbili, ncha ya ndoana ibaki nje. Ncha iliyofichwa ndani ya ngisi haishiki mdomo wa samaki.

Asiye na fimbo asikae nyumbani. Mita hamsini za 0.45 kwenye chupa ya plastiki ya lita moja zinatosha kabisa, na kwenye jeti mshipi wa mkono unakuonyesha mdonoo kuliko fimbo yoyote. Kwa njia zote mbili, usirushe kwa nguvu zako zote. Uzi wa kafara unabeba mrusho wa taratibu, lakini mrusho wa kishindo unaweza kuukata chubwi likiwa hewani, na plagi inayoruka hewani inaweza kumtoa mtu jicho. Geuka uangalie nyuma kila mara, hasa fukwe za likizo zilizojaa watoto.

Uliza kuhusu maji kabla ya kuchagua siku. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu huleta bamvua: maji hutoka mbali sana na hurudi kwa kasi, na kati ya kujaa na kupwa pale Mombasa tofauti inaweza kukaribia mita nne. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, mkondo ni mpole, na mgeni atatulia nazo zaidi. Mimi hupenda saa mbili za mwisho za maji kujaa, samaki wanapoingia kula pale palipokuwa pakavu. Lakini usitembee hadi mwambani wakati wa kupwa ukakaa huko ukivua. Maji hujaa kwanza nyuma yako, kwenye mabonde, na ukigeuka njia haipo.

Halafu kuna mahali ambapo huruhusiwi kabisa. Ndani ya mbuga za bahari hakuna kuvua kwa njia yoyote: Malindi na Watamu tangu 1968, Mombasa tangu 1986, na Kisite kule kusini. Ile ya Mombasa iko mbele ya hoteli za Nyali na Bamburi, ambako ndiko wageni wengi wa Nairobi hulala, kwa hiyo usidhani bahari iliyo mbele ya chumba chako ni ya kuvua. Nenda kwenye bandari ya wavuvi iliyo karibu, waone watu wa BMU, kile kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo, uwaamkie wazee, uwaulize panapofaa na kibali kinachotakiwa. Watakuonyesha na mahali pasipo na mawe, jambo ambalo hakuna ramani inayokuonyesha.

Samaki akishika, usipige mkono kwa nguvu. Kaza uzi tu, uanze kukunja bila kumpa nafasi ya kurudi jiweni. Chubwi likinasa, nyosha fimbo ielekee lilikonasa, au zungusha mshipi kwenye kipande cha mti, usizungushe mkononi, kisha rudi nyuma hatua mbili tatu. Utasikia kafara likikatika, na mshipi wote utarudi ukiwa mwepesi. Funga kiuzi kingine na plagi nyingine, uendelee.

Tumia koleo kutoa ndoana. Tafi usimshike kwa mkono mtupu, miiba yake ina sumu na inachoma vibaya. Akikuchoma, tumbukiza mkono kwenye maji ya moto unayoweza kuvumilia bila kuungua, kwa nusu saa au zaidi, hadi maumivu yapoe. Na kama ni taa, yule samaki bapa mwenye mwiba mkiani, aliyekuchoma, nenda hospitali hata kama maumivu yamepoa. Bunju mrudishe majini. Haliwi.

Ukirudi Nairobi, loweka mashina na ndoana kwenye maji yasiyo na chumvi usiku mmoja, zianike kivulini, na zile zenye kutu kwenye ncha zitoe. Pitisha kila shina taratibu kati ya kucha mbili kutoka juu hadi chini. Mahali popote kucha inapokwaruza, huo uzi umeumia kwenye mawe, haurudi tena baharini. Nailoni ya kutupa ikatekate kwanza vipande vifupi kama kidole, ndipo uitie kwenye taka.